Bahari Ilipotoka

Mwaka juzi nilimpeleka mama Unguja, akaoge bahari kwa ajili ya magoti yake. Nikachagua Paje kwa uzuri wa picha. Tulifika saa nne asubuhi, maji yametoka. Mchanga mtupu hadi mbali, na akina mama wameinama wakifunga mwani kwenye kamba. Mama akasimama, khanga kiunoni, taulo begani, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, bahari yenyewe iko wapi?" Niliumia.

Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji hupwa mbali sana, hasa siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Anayependa kutembea ufukweni, au kuteleza majini kwa tiara upepo wa kusi ukivuma, huko ndiko kwake. Wa kuogelea kutwa aende Kendwa au Nungwi, kaskazini. Masika, Machi hadi Mei, bei hushuka, lakini mvua hunyesha kweli.

Kabla ya kulipa, uliza hotelini maji yanajaa saa ngapi siku utakazokuwa huko. Kisha muulize unayesafiri naye anataka kufanya nini akifika. Mimi mama sikumuuliza.