Mashine na Pembe za Shamba

Jarida hili ulilo nalo mkononi limekunjwa na kupigwa stepla kwa mkono. Kina mama watatu hukaa kila Jumamosi katika chumba cha Sunday School, wanakunja mpaka jioni, na kanisa linawapa kitu kidogo. Mwezi uliopita mimi ndiye niliyepeleka kwa kamati wazo la kununua mashine inayochapa, kukunja na kubana yenyewe. Nilisomea biashara, kwa hivyo nilienda na hesabu safi: ndani ya miezi 14 mashine ingekuwa imejilipa. Wazee wakaridhika. Kisha mmoja wa wale kina mama, aliyekuwa ametuletea chai, akauliza, "Pasta, kwa hiyo hesabu sisi tuko wapi?"

Walikuwa kwenye mstari wa gharama zitakazopungua.

Swali hilo Kericho limeulizwa kwa moto. Huko mchuna majani chai hulipwa kwa kilo, akichagua kwa vidole majani mawili na chipukizi. Mashine hukata juu ya kichaka kwa mpigo mmoja, na watu wachache wanaoishika hufanya kazi ya wengi. Mwaka 2010 chama cha wafanyakazi wa mashamba kiliitisha mgomo kwa sababu yake. Mei 2023 waandamanaji wakateketeza mashine kadhaa. Siungi mkono kuchoma mali ya mtu. Lakini pia siwezi kusimama madhabahuni niseme ati mwenye shamba ametenda dhambi kwa kununua mashine. Gharama zikipanda na bei ya chai katika mnada wa Mombasa ikikaa palepale, hesabu yake naielewa. Na tusidanganyane, kubeba kikapu mgongoni miaka 20 si kazi ya kuonea mtu wivu.

Hata hivyo, nimekuwa nikirudi kwa Mambo ya Walawi 19, mistari ya 9 na 10. Pale Mungu anamkataza mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, wala asiokote masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Tukisema kwa lugha ya chuoni, anaamriwa aache sehemu ya faida shambani, makusudi. Angalia pia kwamba hakuambiwa avune yote halafu atoe sadaka. Sadaka ingekuwa rahisi zaidi kwake.

Soma Ruthu 2. Boazi angeweza kumpa yule mjane gunia la shayiri na kumwambia aende nyumbani. Badala yake aliwaagiza vijana wake wachomoe masuke kutoka kwa miganda na kuyaacha ili yeye ayaokote. Hiyo ni kupoteza muda, meneja yeyote atakuambia. Lakini Ruthu alifanya kazi hadi jioni, akapura, akabeba kiasi cha efa moja aliyoitafuta mwenyewe. (Baadaye alipewa vipimo sita bure, sawa, lakini hakuanzia hapo.)

Ndugu mmoja ameniambia teknolojia huleta kazi nyingine. Ni kweli. Ila kazi ya kutengeneza mashine haitampata mama wa miaka 52 aliyeacha shule darasa la sita, na karo ya mtoto wake ni ya muhula huu. Mundu nao ni kifaa. Sheria haikuukataza, iliuwekea mpaka.

Kamati inakutana tena Jumanne. Nimeandika hesabu upya: mashine ya kuchapa tu, bila sehemu ya kukunja. Itajilipa kwa miezi 19. Mzee mmoja tayari amenipigia simu kuuliza digrii yangu niliiacha wapi. Na mmoja wa wale kina mama ameniambia kwamba mgongo unamuuma siku hizi. Yeye angependa mashine ikunje, apewe kazi ya kusambaza. Sikuwa nimewauliza.