Tabibu Mwanafunzi na Shauri la Yethro

Somo la juma: Kutoka 18:13–26



Tangu asubuhi hadi jioni Musa aliketi akiamua mashauri, na watu wakasimama wakimngoja. Yethro, mkwewe, kuhani wa Midiani, alikuwa amekuja kumtembelea, na alichokiona hakikumpendeza. Alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba mwenendo ule utamchosha yeye na kuwachosha watu wake, kwa kuwa mzigo ulikuwa umemzidi mtu mmoja. Akamshauri atafute watu wenye sifa nne: wawe na uwezo, wamche Mungu, wawe wa kweli, wachukie mapato ya dhuluma. Awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na kumi. Mashauri madogo wayaamue wenyewe, yaliyo mazito wampelekee Musa. Naye Musa, pamoja na ukuu wake wote, alimsikiliza mkwewe.

Shauri hilo linafanya kazi nchini kwetu kila kunapokucha. Kijijini kuna zahanati, kwenye kata kuna kituo cha afya, wilayani kuna hospitali, mkoani kuna hospitali ya rufaa, halafu hospitali za kanda, na juu kabisa hospitali ya taifa, Muhimbili. Kwenye ngazi ya chini, anayempokea mgonjwa mara nyingi ni tabibu. Huyu ni kijana aliyefaulu masomo ya sayansi kidato cha nne, akasoma stashahada ya utabibu kwa miaka mitatu, kisha akapelekwa mahali ambapo pengine daktari mwenye shahada hajawahi kukaa. Tunapoikaribia sikukuu ya Mtakatifu Luka, 18 Oktoba, nawaomba juma hili tuwakumbuke hasa wale ambao bado wako vyuoni wakiisomea kazi hiyo.

Kada hii imezaliwa na shida ileile aliyoiona Yethro. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa wa kuhesabika. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 taifa likaamua kwamba tiba iwafuate wananchi vijijini, na kazi hiyo ikaangukia mabegani mwa matabibu, matabibu wasaidizi na wauguzi. Kwa miaka mingi madaktari wasaidizi, ambao wengi walianza kama matabibu wakarudi darasani, ndio waliowapasua kina mama walioshindwa kujifungua katika hospitali nyingi za wilaya. Mwaka 2007 ulipoanza mpango wa kujenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, mahitaji yao yakaongezeka. Hata Marekani yenye mali nyingi ilipita njia hiyo. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Duke, Durham, North Carolina, Dk. Eugene Stead alianza kuwafundisha wanaume wanne waliokuwa wamewahudumia wagonjwa katika jeshi la majini, ili wawe wasaidizi wa madaktari. Watatu walihitimu mwaka 1967. Nao walihitajika kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na madaktari hawakutosha.

Hata hivyo wanafunzi hawa wanalisikia neno la kuwavunja moyo hata kutoka kwa ndugu zao: "Kwa nini utabibu tu? Udaktari ulikushinda?" Wapo wanaoanza mwaka wa kwanza wakiwa na jeraha hilo, wakiamini wako chuoni kwa sababu wamekosa mahali pazuri zaidi. Nataka kuwaambia kwa moyo wangu wote: wale wa kumi na wa hamsini hawakuwa mabaki ya wale wa maelfu. Walichaguliwa. Mtu mwenye shauri dogo, ambaye angesimama juani kutwa nzima akimngoja Musa, alipata haki yake siku hiyohiyo kwa sababu yao. Na mgonjwa anayebebwa usiku kwa pikipiki hadi zahanati hamkuti pale bingwa wala profesa. Anakukuta wewe. Kwa saa hiyo elimu yote ya tiba duniani inamfikia kwa kiasi kile ulichokishika.

Ndiyo maana Yethro alianza na uwezo, na uwezo hauji kwa kuombewa peke yake. Maisha ya chuo ni magumu. Kuna anatomia na fiziolojia, kuna majina ya dawa na vipimo vyake, na kuna mtihani wa vitendo ambapo mwanafunzi anahama kutoka kituo kimoja hadi kingine huku dakika zikihesabiwa. Kuna hofu ya kupata sapu, yaani kurudia mtihani, na hofu kubwa zaidi ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni, huku nyumbani mahindi yameuzwa au ng'ombe ameuzwa ili ada ilipwe. Kuna usiku wa wodini na raundi ya asubuhi, macho yakiwa mazito na tumbo tupu.

Hebu tumtazame mmoja wao kazini. Ni binti wa mwaka wa tatu, yuko kwenye mafunzo ya vitendo katika kituo cha afya. Mbele yake ameketi bibi aliyemleta mjukuu wa miezi minane.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, daktari. Huyu mtoto anakohoa, leo siku ya tatu."

Mwanafunzi anamwomba bibi afungue kanga, kifua kionekane, na amtulize mtoto, kwa kuwa pumzi za mtoto anayelia hazihesabiki. Kisha anatazama saa na kuhesabu kifua kinavyopanda na kushuka, dakika nzima. Kuhesabu robo dakika na kuzidisha mara nne hakutoshi, maana mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja. Huharakisha, akatulia, akaharakisha tena. Kwa umri huu pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka, mpaka ni 40. Halafu anaangalia kama kifua kinabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi. Anamuuliza bibi: ananyonya? Anatapika kila anachokipata? Amepata degedege? Anatazama kama amelegea au hazinduki.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani anaoufuata binti huyu umepangwa kwa rangi tatu. Kijani: mtoto akatunzwe nyumbani, na mlezi aelezwe dalili za kumrudisha upesi. Njano: atibiwe hapohapo, na kama ni nimonia apewe amoksilini. Waridi: apewe dozi ya kwanza na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Ukiisoma chati hiyo ukiwa umetoka kusoma Kutoka 18, utaona ni mpangilio uleule. Lipo la kuamuliwa hapa, na lipo la kupelekwa juu. Hekima ni kuyatofautisha mapema.

Hapo ndipo sifa ya tatu, kweli, inapopimwa. Kila mwanafunzi ana logibuku inayotakiwa kujazwa na kusainiwa: amezalisha wangapi, ameshona vidonda vingapi, amepokea wagonjwa wangapi. Na kila wodi ina chati za joto, mapigo na shinikizo la damu. Mtu akichoka, ni rahisi kuandika bila kupima. Utakuta chati ambayo wagonjwa wote wa upande mmoja wana joto la 36.5 na mapigo 80, kana kwamba Mungu amewaumba kwa kipimo kimoja. Aliyeandika hivyo anaona ameokoa nusu saa. Lakini kati yao yupo mama aliyejifungua jana ambaye homa ilianza kupanda alfajiri, na karatasi inasema hana neno. Daktari atapita kwenye raundi, ataisoma, ataenda zake. Kijana wangu, kalamu yako ikiandika kisichokuwapo imemshuhudia mgonjwa uongo, na amri ya Mungu ya kutomshuhudia jirani uongo inakuhusu wewe wodini sawasawa na shahidi aliyepanda kizimbani. Kama hukupima, acha nafasi wazi. Nafasi iliyo wazi itamshtua mwenzako naye atapima.

Kweli hiyohiyo ndiyo inayomwezesha mtu kusema, "Hili silijui." Wanafunzi wengi wanaogopa maneno hayo. Kwenye raundi, mbele ya wenzake, mwanafunzi anaulizwa swali, akikosa anachekwa au anatukanwa. Anachojifunza siku hiyo ni kuficha. Miaka miwili baadaye yuko zahanati peke yake, mama anatoka damu baada ya kujifungua, na yule aliyezoea kuficha anajaribu hili na lile wakati gari lingeshaitwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba rufaa iliyoandikwa mapema ni tiba kamili, wala aliyeiandika hana cha kuonea aibu. Wale wa Yethro hawakudharauliwa kwa kumpelekea Musa jambo gumu. Ilikuwa ndiyo sehemu ya utumishi wao. Enyi walimu na madaktari mnaowafundisha, nawasihi kwa upendo: mkosoeni mwanafunzi bila kumdhalilisha. Anayeweza kukuuliza leo bila hofu atakupigia simu kesho akiwa mbali, na simu hiyo itaokoa mtu.

Sifa ya nne Yethro aliitaja waziwazi kwa sababu aliwajua wanadamu. Mwenye mamlaka madogo hujaribiwa kwa fedha ndogo. Mwanafunzi anapomwona mkubwa wake akiomba "ya soda" kabla ya kumhudumia mjamzito, anafundishwa somo lisilo kwenye mtaala. Usilipokee. Anayeumwa hana nguvu ya kukukatalia, kwa hiyo anachotoa hakikutoka kwa hiari yake.

Nimeiacha sifa ya pili mwisho, kumcha Mungu, kwa sababu inagusa mahali ambapo vitabu vya chuo vinafika kikomo. Kila mwanafunzi wa utabibu hufikia siku ya kifo cha mgonjwa wake wa kwanza. Pengine ni mtoto aliyemhesabia pumzi jioni, na asubuhi kitanda kimetandikiwa mtu mwingine. Raundi inaendelea. Saa nne kuna kipindi. Hakuna aliyemuuliza chochote, naye anadhani ukomavu ni kutokusikia uchungu. Injili ya Yohana inatuonyesha Bwana wetu akielekea kaburini kwa Lazaro. Alijua atakalolifanya, na bado alilia. Kama Mwenye uzima alilia mbele ya mauti, hakuna mtu aliye na haki ya kumwita kijana dhaifu kwa machozi yake. Kumcha Mungu kunamkumbusha mwanafunzi kwamba uhai hakuuumba yeye, hivyo hana mamlaka ya mwisho juu yake. Anatakiwa afanye kwa uaminifu kilicho mkononi mwake, kisha amkabidhi Mungu kilichomzidi. Huko nako ni kupeleka jambo gumu kwa aliye mkubwa.

Sasa, sisi tulio usharikani tufanye nini? Ikiwa chuo cha afya kiko karibu nanyi, wajueni wanafunzi wake kwa majina. Waalikeni nyumbani chakula cha Jumapili, hasa waliotoka mikoa ya mbali. Mzee wa kanisa akimwona kijana amepotea ibadani majuma mawili, amtafute. Huenda yuko zamu, na huenda amekata tamaa. Kikundi kinachoweza kuchangia ada ya mmoja kifanye hivyo kimyakimya, bila kumsimamisha mbele ya watu. Ukiwa mgonjwa na mwanafunzi akakuomba ruhusa akupime chini ya usimamizi wa mkubwa wake, mkubalie ukiweza, maana mikono itakayomtibu mwanao miaka ijayo lazima ijifunzie kwa mtu. Na mzazi ambaye mtoto wako amehitimu na bado anasubiri ajira, usimsimange. Stashahada yake haijapotea, na uchungu wa kusubiri unamtosha.

Nanyi wanafunzi, Paulo anamtaja Luka kuwa tabibu mpendwa, na alipokuwa kifungoni, wengine wakiwa wameondoka, aliandika kwamba aliyebaki naye ni Luka peke yake. Wagonjwa wenu wengi watawakumbuka kwa hilo pia: mlikuwepo. Basi someni kwa bidii, ili uwepo wenu uwe na faida.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyemfundisha Musa kwa kinywa cha Yethro, wabariki wanafunzi wa utabibu popote walipo. Wape akili ya kushika wanachofundishwa na uvumilivu wa kuhesabu dakika nzima. Zilinde kalamu zao na uongo, mikono yao na rushwa, mioyo yao na kiburi. Wanapojua, watende bila kusitasita. Wasipojua, waulize bila aibu. Wafariji waliompoteza mgonjwa juma hili, uwafungulie njia waliokwama kwa ada na wanaosubiri ajira. Nasi utupe kuwaheshimu tangu sasa, kabla hatujawahitaji. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.