Mtoto na Shauri la Wazazi Wake

Kuna swali ambalo mapadre huulizwa kwa sauti ya chini, watu wengine wakiisha kwenda zao. Mume na mke wameshindwana kabisa. Wazee wamekaa nao, paroko amekaa nao, na sasa mmoja wao anasema atakwenda mahakamani. Ndipo auliza: Je, ni dhambi kujiandaa ili nishinde, watoto wabaki kwangu?

Nusu ya kwanza ya jibu si ngumu. Mahakama haina uwezo wa kukivunja kifungo cha ndoa halali ya Wakristo iliyokwisha kukamilishwa. Atokaye huko na hati ya talaka angali mume au mke wa mwenzake mbele ya Mungu. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba, ikiwa talaka ya kiserikali ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani za kisheria, matunzo ya watoto, au urithi, yaweza kuvumiliwa, wala si kosa la kimaadili. Basi mama aliyepigwa na kufukuzwa asitishwe na majirani wajuao dini kumshinda Papa. Wala kujiandaa kwake si hila. Shauri lisiloandaliwa humdhulumu mtoto kabla hakimu hajafungua kinywa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kukimbilia mahakamani moja kwa moja. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, hana budi kupita kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, ambayo haipasi kuwa imepita miezi 6 siku shauri linapofunguliwa. Wengi hulifanya baraza hilo kuwa kizingiti cha kurukwa, wakaenda kudai karatasi tu. Ni hasara kubwa, maana pale ndipo mahali pa mwisho ambapo wawili hao waweza kusemezana habari za watoto wao pasipo kuwa mdai na mdaiwa. Kisha vikusanywe vitu vya kawaida: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa, stakabadhi za ada na za hospitali, na majina ya majirani walioona kwa macho yao, si waliosimuliwa. Na mke aambiwaye kwamba hakuchuma kitu kwa kuwa alikuwa jikoni tu, ajue ya kuwa Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, ilizihesabu kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa.

Hayo yote ni halali. Ugumu waanza pale mzazi amalizapo kukusanya karatasi, akamgeukia mtoto.

Twazijua njia zake. Baba aja mwezi mmoja kabla ya shauri, akamchukua mtoto kwenda kumsalimu bibi yake, akambakiza huko. Amesikia kwamba mahakama haipendi kumhangaisha mtoto kwa kumhamisha, naye ataka kusema kwamba amekwisha kuzoea. Mama amketisha binti wa miaka 9 kila jioni na kumkaririsha: ukiulizwa hivi, jibu hivi. Mwingine ampa mtoto simu anase sauti ya baba akifoka. Kila mmoja asema afanya hivyo kwa upendo, na pengine kweli apenda. Lakini tuitazame sheria yenyewe.

Kifungu cha 125 chataka hakimu atangulize ustawi wa mtoto. Baadaye ayaangalie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenye umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na mila za jamii. Mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa kwamba yafaa akae na mama, ila dhana hiyo yaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Yuko baba asemaye, "Nalitoa mahari, watoto ni wa ukoo wangu." Mila husikilizwa, ndiyo, lakini husikilizwa nyuma ya ustawi wa mtoto, wala mtoto hapotezi ukoo kwa kulala nyumbani kwa mama yake.

Angalieni maneno haya: maoni yake mwenyewe. Sheria imempa mtoto haki ya kusema, na mzazi amkaririshaye amemnyang'anya haki hiyo akaweka sauti yake mahali pake. Tena amemfundisha kwamba bei ya kupendwa na mama ni kumsingizia baba, au kinyume chake. Amri ya Nne yamtaka mtoto awaheshimu wote wawili. Amfundishaye kumdharau mmoja amvunjisha Amri angali mdogo, na dhambi ni ya mwalimu.

Hukumu ya Mfalme Sulemani hutajwa sana katika mambo haya, na kila mzazi hujiona ndiye mama wa kweli. Tusiitumie vibaya. Haisemi kwamba mama mwema ni yule anyamazaye na kumwachia mtoto baba mlevi mwenye fimbo, ati kwa ajili ya amani. Yule mwanamke aliachilia ili mtoto aishi. Leo, pengine, ili mtoto aishi yapasa kumpigania.

Basi mtu atauliza: na mtoto aliyeona maovu kwa macho yake, afichwe? La, hasha. Aseme mbele ya hakimu, au mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii atakayetumwa kuandika taarifa, tena aseme kwa maneno yake. Jioni ya kuamkia siku hiyo mzazi amwambie jambo moja tu: sema ulichokiona, na usichokiona sema hukukiona, nami sitakukasirikia. Na kama yule baba mwenye ukali ndiye aliyembeba mgongoni usiku hadi zahanati alipougua, aruhusiwe kulisema na hilo pia.