Lango la Kasri: Hekaya za Kale na Swali la Kasese

Sisi tusomeshao Kiswahili katika shule za Kasese na Bwera twajua kwamba katika hadithi za mashujaa pana mahali ambapo sauti ya mwalimu hushuka. Ni pale hadithi inapowataja vijana waliokula kiapo cha kulifia kasri la mfalme wao. Mbele yetu wameketi watoto ambao jamaa zao waliuawa katika kasri la kweli, mjini Kasese, mwezi wa Novemba 2016. Basi mmoja huuliza: Je, kulifia kasri ni ushujaa? Mwalimu akilikwepa swali hili, mtoto atalijibu peke yake, na huenda asilijibu vyema.

Yafaa kwanza tuulize kasri lina kazi gani katika hekaya. Wengi hudhani ni kazi ya ngome, yaani kumzuia adui. Lakini tumtazame Chrétien de Troyes, mtunzi Mfaransa wa karne ya 12, ambaye ndiye wa kwanza tumjuaye kulitaja jina la Camelot, makao ya Mfalme Arthur. Katika hekaya yake ya Lancelot, mgeni mwenye kiburi aingia barazani na kutangaza kwamba amewafunga watu wengi wa nchi ya Arthur. Mfalme asikitika, wala hana la kufanya. Kisha mtumishi wake mkuu amwomba ahadi bila kusema ni ahadi ya nini. Mfalme akubali, na alipokwisha kukubali, ndipo ajuapo kwamba ametoa ruhusa ya kumhatarisha mkewe. Hata hivyo hawezi kulirudisha neno lake.

Hapo twaona kazi ya kasri. Ni mahali ambapo mwenye shida huleta dai lake, na ambapo neno likisemwa humfunga hata mfalme mwenyewe. Ndipo shujaa anapotokea kwenda safari, na ndipo anaporudi kutoa hesabu ya aliyoyatenda. Camelot yenyewe haikuangamia kwa kubomolewa kuta. Katika kitabu cha Malory, kilichopigwa chapa mwaka 1485, ufalme wa Arthur waharibiwa na siri, fitina na kisasi cha watu walioketi meza moja.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kulijifunza jambo hili. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mfalme wa Pate anazo nguvu zote za utawala, lakini anamwogopa shujaa apendwaye na watu. Anamtia gerezani, Liyongo anakata minyororo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate na kutoroka. Mwishowe mfalme anamshawishi mwana wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na ndoa, na mwana anamchoma babaye kitovuni kwa sindano ya shaba. Jumba lile la Pate lilisalia limesimama. Lakini nani baada ya hapo angeweza kuliamini neno litokalo ndani yake?

Sasa turudi Kasese. Ufalme wa Rwenzururu haukuanzia katika kasri. Ulianza kwa dai. Wakonzo na Waamba walilalamika kwamba wanadharauliwa chini ya utawala wa Toro, wakataka wilaya yao wenyewe. Dai hilo halikupata masikio, na tarehe 30 Juni 1962 Isaya Mukirane, ambaye hapo kwanza alikuwa mwalimu kama sisi, akatangaza nchi yao kuwa huru. Alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Mumbere akaurithi uongozi angali mtoto. Mapigano yale ya milimani yalikoma mwaka 1982 kwa mapatano. Mumbere alikwenda Marekani, akafanya kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa. Mwaka 2009 Serikali iliutambua ufalme, naye akatawazwa Omusinga.

Kasri la Buhikira likawa fahari ya watu waliongoja miaka mingi. Hatuwezi kuwadharau kwa fahari hiyo; aliyenyimwa heshima hufurahi kuiona imejengwa kwa matofali. Lakini tarehe 27 Novemba 2016, baada ya mapambano ya siku iliyotangulia ambayo polisi pia waliuawa, majeshi ya Serikali yalilishambulia kasri. Waliokufa katika siku hizo mbili walizidi 100. Serikali ilisema walinzi wa mfalme walikuwa kundi la silaha lililokataa kutawanyika. Watetezi wa haki za binadamu walisema wengi waliouawa hawakuwa na bunduki. Omusinga alishtakiwa kwa uhaini na mauaji. Mashtaka yaliondolewa mwaka 2023, naye akarudi Kasese mwaka huo huo.

Basi tumjibu nini mtoto wetu? Twadhani tusimwambie kwamba waliokufa walikuwa wapumbavu. Uaminifu ni sifa njema, nasi tusingependa kuwalea watoto wasioweza kusimama na mtu. Lakini uaminifu una pande mbili. Ahadi ni deni. Na anayepokea kiapo cha kijana amepokea deni la kuulinda uhai wa kijana huyo. Vivyo hivyo dola: aliye na silaha kubwa zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kusubiri na kusema na watu kabla ya kufyatua. Lango la kasri liliwekwa ili watu wapite na maneno yao. Likigeuka mahali pa kufia, kazi ya kasri imekwisha kushindwa, hata kuta zikiwa nzima.

Mtu aweza kusema kwamba bila kuta ufalme hauheshimiwi. Sisi twajibu kwamba Rwenzururu iliishi miaka ishirini milimani bila kasri la fahari, na watu hawakuisahau mfalme wao alipokuwa mbali akiwahudumia wagonjwa wa nchi ya kigeni. Kilichoidumisha ni neno baina ya watu.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tunaposomesha hekaya hizi tusiishie kuwauliza wanafunzi nani alipigana vizuri. Tuwaulize: Nani alifika langoni na dai lake? Je, alisikilizwa? Na aliyeapa kumlinda alitimiza? Mtoto akizoea kuuliza hivyo juu ya Camelot na Pate, ataweza siku moja kuuliza hivyo juu ya Kasese, bila woga na bila chuki.