Deni la Mtoa Zawadi

Katika zahanati za Handeni, kama ilivyo Korogwe, mama mjamzito anapofika kliniki muuguzi huandika taarifa zake katika Kitabu cha 6 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mwezi ukiisha mahudhurio hujumlishwa, na jumla huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao kufikia mwisho wa mwaka 2013 ulikuwa umesambazwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara. Kwa namba hizo halmashauri nne za wilaya hizi mbili, za mji na za wilaya, huona malaria inapanda wapi na chanjo zinashuka wapi.

DHIS2 ni programu huria. Huandaliwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kutolewa bure pamoja na msimbo wake. Wataalamu wa Kitanzania, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameijengea nyongeza zao. Yenyewe nayo imesimama juu ya kazi za wengine: imeandikwa kwa Java, hutunza taarifa katika PostgreSQL, na hutegemea maktaba za programu kama Spring na Hibernate. Wengi walioandika maktaba hizo huenda hawajawahi kulisikia jina la Handeni.

Hapo linazuka swali la maadili. Mtu akitoa kitu bure, kwa hiari yake, kisha watu asiowajua wakakitegemea, je, amefungwa nao?

Leseni hujibu upesi: programu imetolewa kama ilivyo, bila dhamana. Mahakamani hilo laweza kutosha. Mbele ya dhamiri halitoshi, na kisa cha Machi 2016 kinaonyesha sababu. Azer Koçulu, baada ya mgogoro juu ya jina la programu yake moja, aliziondoa kazi zake zote katika npm, ghala la programu za JavaScript. Miongoni mwake ilikuwamo left-pad, mistari 11 tu ya msimbo iliyokuwa ikijaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi mikubwa ikashindwa kujengeka, na baada ya saa chache npm wakairudisha. Kazi ilikuwa yake, na kinyongo chake kilikuwa na msingi. Lakini walioumia hawakuwa wale aliogombana nao.

Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, yalikwishalipima jambo la namna hii: hiba ikishapokelewa mtoaji haitengui, isipokuwa mzazi kwa mwanawe. Injili nayo, katika mfano wa Msamaria mwema, inampa jina la jirani mtu ambaye hakuna ukoo wala dini iliyomfunga na majeruhi. Mafundisho yote mawili yanakubaliana kwamba wajibu unaweza kuzaliwa bila mkataba.

Hata hivyo, wanaoondoa zawadi ni wachache. Mara nyingi zaidi zawadi hubadilishwa. Waandaaji wengi wa maktaba hulipatia kila toleo namba tatu, na namba ya kwanza ikipanda huwa wanaonya kwamba kilichofanya kazi jana huenda kisifanye kazi leo. Hiyo ni ahadi njema, ila haifiki mbali. Mhandisi Hyrum Wright alibainisha kwamba programu ikipata watumiaji wa kutosha, kila tabia yake itategemewa na mtu fulani, hata tabia ambayo haikuahidiwa popote. Kwa hiyo hata kusahihisha kosa kunaweza kumvunjia mtu kazi. Dini zinaithamini nia njema, lakini nia haimwonyeshi mwandishi wa msimbo ni nani atakayeumia. Kinachomwonyesha ni majaribio.

Walioandaa lugha ya Rust wamelifanyia kazi hilo. Wana chombo kiitwacho Crater, ambacho huchukua maelfu ya miradi ya watu wengine iliyo hadharani, huijenga kwa toleo la zamani na kwa toleo jipya, kisha hulinganisha matokeo. Mradi wa mgeni ukivunjika, wao hujua kabla yake.

Korogwe inaifahamu adabu hiyo kwa njia nyingine. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na Korogwe ilikuwa kimojawapo. Kituo kimoja kisingetosha, kwa kuwa malaria hailingani mahali na mahali. Kufanikiwa kwa mwandaaji ni ushahidi wa mahali pake tu, iwe dawa au msimbo.

Desemba 2021 uzito wa jambo hili ulionekana. Tundu kubwa la kiusalama liligunduliwa katika Log4j, maktaba ya Java iliyotunzwa zaidi na watu wa kujitolea. DHIS2 nayo iliitumia, na Oslo ikalazimika kutoa marekebisho. Siku kama hiyo, anayeogopa kusasisha kwa sababu toleo lililopita lilimvunjia nyongeza zake hubaki na mlango wazi. Anayevunja upatanifu bila onyo huwafundisha watu kukwepa matoleo mapya, na woga huo baadaye unakuwa hatari.

Mpokeaji naye ana deni. Haki haikubali watu wa kujitolea wabebe peke yao mzigo wa serikali zinazowategemea. Oslo hutunza matoleo matatu ya mwisho, na kabla ya jipya kutoka rasmi hutolewa la majaribio. Huo ndio wakati wa kuliweka kwenye seva ya pembeni, kujaza humo fomu za MTUHA kwa taarifa za kubuni, kuziendesha nyongeza zote za Kitanzania, kulifungua kwa mtandao dhaifu wa vijijini Handeni, na kuwaandikia waandaaji kila kilichokwama. Kazi hiyo inahitaji watu wenye mshahara na siku zilizotengwa, kwa hiyo fungu lake linastahili kuandikwa katika bajeti ya afya, pamoja na dawa na vitabu vya MTUHA vyenyewe.