Kipimo cha Silaha

Silaha haina akili. Akili ni ya mwenye kuishika. Haimjui mwizi wala mlinzi, na haina majuto. Kwa hiyo swali la lini bunduki itolewe si swali la chuma, bali ni swali la nafsi ya mtu, nalo linamhusu raia kama linavyomhusu askari.

Tuchukue mfano. Ni usiku wa baridi huko Londiani, na ukungu umeshuka kutoka msituni. Mkulima mwenye bunduki ya kibali anasikia mlango wa zizi ukivunjwa. Anatoka, na katika mwanga wa tochi anamwona mtu akimswaga ng'ombe wake kuelekea barabarani. Ng'ombe huyo ni maziwa ya watoto na karo ya shule. Moyo wa mkulima unawaka. Je, ana haki ya kupiga?

Wengi watajibu upesi kuwa anayo, maana mwizi amejitakia. Jibu hilo halifai kudharauliwa, kwani maskini aliyeibiwa ng'ombe mmoja ameibiwa jasho la miaka. Lakini ng'ombe akipotea hutafutwa, na asipopatikana hununuliwa mwingine. Mtu akifa hanunuliwi. Tena sheria ya Kenya humfunga mwizi wa mifugo, haimwui. Mkulima atawezaje kutoa gizani hukumu ambayo hakimu hawezi kuitoa mchana?

Sasa tuugeuze mfano. Mwizi amemwacha ng'ombe, ameinua panga, na anamwendea mtoto aliyetoka kumfuata babaye. Hapa uhai umo hatarini. Hatari ni ya sasa, si ya jana wala ya kesho. Na njia nyepesi zaidi haikubaki. Mambo hayo matatu yakikutana, silaha ina haki ya kutoka. Moja likikosekana, na ikae mahali pake.

Wako wadhanio kuwa kuitoa silaha bila kupiga ni kutisha tu. Sikubaliani nao. Aliyetishwa hajui nia yako. Huenda akakimbia, huenda akakurukia. Mwenye kuitoa silaha amekwisha kwenda nusu ya safari, na nusu iliyobaki haiamui peke yake.

Askari hupimwa kwa kipimo hicho hicho, ila mzigo wake ni mzito zaidi. Raia akiweza huikimbia hatari. Askari ameajiriwa kuiendea. Ndiyo maana Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali la Sita, imemwekea mipaka. Aanze na njia zisizo za nguvu. Bunduki aitumie pale tu njia nyepesi zisipotosha. Ajitambulishe na kuonya kabla ya kupiga, isipokuwa onyo lenyewe litahatarisha maisha. Akimjeruhi mtu, apatiwe matibabu. Kisha atoe taarifa kwa mkubwa wake. Sheria haikumnyima askari nguvu, bali imemtaka aijibie.

Nchi ilikuwa imekwisha kujifunza kwa machozi haja ya mipaka hiyo. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilichomwa Londiani na watu wakahama makwao. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Tarehe 31 Januari 2008, David Kimutai Too, mbunge wa Ainamoi katika Kericho, aliuawa mjini Eldoret kwa risasi za askari wa trafiki. Habari ilipofika Kericho, ghasia zikalipuka. Baadaye mahakama ilimtia askari yule hatiani. Lakini hukumu ya mahakama haikumrudisha marehemu. Hasira ya mtu mmoja ilikuwa imeuondoa uhai wa mwingine, na majirani wasiohusika wakalipa.

Wewe kijana usomaye, pengine siku moja utavaa sare, au utapewa kibali cha kulinda mali yako. Siku mkono wako utakapoigusa silaha, usijiulize, "Nani amenikosea?" Swali hilo hujibiwa na hasira. Jiulize, "Nani atakufa sasa hivi nisipoitoa?" Na jibu likiwa hakuna, uondoe mkono.