Tandika Kwanza, Treni Ipite Baadaye

Kijana wa Lupingu, usiirudishe treni yako ya mfano kwenye boksi! Najua kilichotokea. Ulipata kichwa na mabehewa mawili, ukapigilia reli juu ya ubao, ukaunganisha umeme, ukakaa kitako kusubiri raha. Badala ya raha ukasikia mashine ya kusaga. Yangu ya kwanza ilinifanyia hivyo hivyo. Jirani aligonga mlango kuuliza nasaga mahindi ya nani usiku ule.

Treni haina kosa. Debe tupu haliachi kuvuma, na ubao mwembamba ulio wazi chini ni debe. Mtikisiko wa mota na magurudumu unashuka kwenye reli, unaingia kwenye mataruma, unapenya kwa msumari, na ubao unaupokea kama ngozi ya ngoma. Ngoma umeiwamba mwenyewe. Iwambue!

Panda siku moja hadi Makambako. Utatoka ziwani Nyasa, mahali pasipofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye baridi ya zaidi ya mita 1,500, inakopita reli ya TAZARA. Treni iache ipite. Wewe tazama ilichokanyaga. Reli imekazwa kwenye taruma la zege, taruma limezama kwenye kokoto, kokoto zimelala juu ya tuta lililoshindiliwa. Kokoto hizo zinagawa uzito, zinapitisha maji, zinalizuia taruma lisihame na zinameza mtikisiko. Ujenzi ulianza 1970, na njia yote ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa 1976. Kati ya Mlimba na Makambako wajenzi walitoboa milima na kuruka mabonde kwa madaraja, ili tu reli ipate pa kulala.

Na reli hiyo inakuhusu. Upana wake ni milimita 1,067. Ugawe kwa 64, yaani kwa kipimo cha mfano cha 1:64, unapata karibu milimita 16.7, na reli ya mfano inayouzwa sana duniani ina upana wa milimita 16.5. TAZARA inaenea mezani kwako!

Sasa inuka. Ng'oa misumari. Tafuta mbao za paini za Njombe zilizokauka sawasawa, maana mbichi itajipinda na kuvuta reli. Chini ya ubao kaza vipande vya kukingama ili usitetemeke. Kisha kusanya ndala zilizochakaa. Kata sehemu ya katikati ya soli, kwa kuwa kisigino kimeshaliwa. Toa kanda zenye unene mmoja, pana kidogo kuliko mataruma. Zibandike kwa silikoni ya mafundi wa madirisha, kwani ikikauka hubaki laini. Pitisha silikoni nyembamba juu ya kanda hizo, laza reli, weka matofali, ulale. Kama ulitumia misumari kuishikilia, itoe asubuhi. Msumari mmoja ukibaki ndio daraja la kelele.

Ukitaka kokoto, nyunyiza changarawe iliyochekechwa, lakini iishie juu ya ndala. Ikimwagika hadi ubaoni na ukaigandisha kwa gundi nyeupe ya seremala, itakuwa ngumu kama jiwe na kelele itarudi kwa njia hiyo.

Halafu fumba macho, upitishe ukucha kwenye kila kiungo cha reli. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litaruka. Piga tupa taratibu. Acha kwenye kiungo nafasi ya unene wa karatasi, ili joto likija reli itanuke bila kupinda.

Hakuna mgeni atakayezisifia ndala zako. Watasifu treni. Waache wasifu! Wewe weka kiganja chini ya ubao inapopita, usikie ulivyotuliza mtikisiko kwa mikono yako.

Fungua boksi leo. Usiku, treni ikiwa mbioni, tega sikio dirishani. Ukiyasikia mawimbi ya Nyasa yakipiga ufukweni, umetandika.